Maswali yanayoulizwa sana: kutembelea Duxford na shoo yake ya ndege za kivita za zamani

Kila Septemba ikikaribia maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaweka pamoja hapa. Kama jibu liko kwenye swali jingine nitakuelekeza huko, sitarudia.

## Mambo ya msingi

Duxford ni kitu gani hasa?

Ni kiwanja cha ndege za kijeshi cha zamani kilichoko Cambridgeshire, Uingereza, kusini kidogo ya mji wa Cambridge, na siku hizi ni tawi la Imperial War Museums (IWM), wale wale wenye makumbusho ya vita ya London. Kilijengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, RAF, yaani jeshi la anga la Uingereza, wakakitumia mpaka 1961. Tarehe 4 Agosti 1938 ndege ya kivita ya Spitfire ya kwanza kabisa kukabidhiwa kikosi cha RAF ilitua hapo, kikosi namba 19. Miaka miwili baadaye vikosi vya Duxford vikawa angani kupambana na ndege za Wajerumani, na kuanzia 1943 wakaja Wamarekani wa 78th Fighter Group na Thunderbolt zao, baadaye Mustang.

Mahanga ya zamani, yaani majengo ya kuwekea ndege, bado yapo, yale ya enzi ya Vita Kuu ya Kwanza yenye mapaa ya upinde wa mbao. Lilikuwepo jingine pia lakini 1968 watu wa filamu walililipua kwa baruti ili wapate picha ya shambulio, ni kweli kabisa, walilipua jengo la kihistoria, na mpaka leo ukipita pale unaona pengo.

Si ni ndege tu zimesimama, sasa kuna cha kuona kweli?

Hili ndilo swali ninalopenda kulijibu kuliko yote. Kuna makumbusho mengi ambako ndege imeoshwa, imewekewa kamba, imekufa. Duxford njia ya kurukia bado inafanya kazi, na kuna kampuni za ufundi zenye makazi pale pale ambazo kazi yake ni kufufua ndege za miaka ya 1930 na 1940 na kuzirusha. Kwa hiyo hata Jumanne ya kawaida isiyo na shoo yoyote unaweza kuwa umekaa unakula sandwichi zako ukasikia injini ya Merlin inawashwa, ukageuka, Spitfire inapita mbele yako inakwenda kuruka. Ingia hanga namba 2 uone mafundi wamefungua bodi ya ndege, mabomba na nyaya ziko nje, beseni la mafuta chini ya injini. Ndege inayoruka huwa inavuja mafuta kidogo, na mimi nikiona lile beseni najua hii mashine iko hai.

Shoo ni lini?

Zinakuwaga zaidi ya moja kwa mwaka lakini kubwa ambayo watu wengi wanaisafiria ni Battle of Britain Air Show, Septemba, Jumamosi na Jumapili. Septemba kwa sababu siku ambayo Waingereza wanaikumbuka kila mwaka ni 15 Septemba 1940, siku ya mapambano makali sana juu ya London. Jina la shoo linatokana na mapambano hayo ya anga ambayo Waingereza wanayahesabu kuanzia 10 Julai mpaka 31 Oktoba 1940.

Niende siku ya shoo au siku ya kawaida?

Kama una nafasi ya siku mbili nenda zote mbili, moja ya shoo, nyingine ya kawaida ya kuzunguka mahanga taratibu. Kama ni moja tu na wewe ni mtu wa kusoma, kuuliza, kusimama nusu saa mbele ya injini moja, nenda siku ya kawaida tena katikati ya wiki. Kama unataka ule mtetemo wa kifuani ndege kumi na kitu zikipita pamoja, hapo shoo haina mbadala. Ila usijidanganye kwamba siku ya shoo utamaliza na makumbusho yote, haiwezekani, watu ni wengi na eneo ni kubwa mno.

## Tiketi na kufika

Kiingilio ni bure kama ile ya London?

Hapana. IWM London ni bure, Duxford unalipa, watoto chini ya miaka 5 ndio wanaingia bure. Shoo ina tiketi yake tofauti ambayo ni ghali zaidi ya ile ya siku ya kawaida, lakini ndani yake kiingilio cha makumbusho kimo. Nunua mapema mtandaoni kwenye tovuti yao wenyewe, usipange kununua getini siku ya shoo, na achana na watu wanaouza mikononi.

Sina gari, nafikaje?

Kituo cha treni cha karibu ni Whittlesford Parkway, kwenye reli ya London Liverpool Street kwenda Cambridge. Kutoka London ni kama saa moja hivi, kutoka Cambridge ni dakika chache tu. Kutoka kituoni mpaka getini ni kama kilomita tatu na zaidi kidogo, na hapo ndipo watu wanakwama. Unaweza kutembea lakini A505 ni barabara ya magari ya kasi, kwa mtu mwenye watoto sishauri. Agiza teksi kabla hujafika, usitegemee kuikuta imekusubiri nje ya kituo, na siku ya shoo agiza ya kurudi vile vile maana jioni kila mtu anataka kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Na mwenye gari?

Barabara kuu ya M11, tokea makutano namba 10, ukitoka tu vibao unaviona. Siku ya kawaida maegesho ni bure. Siku ya shoo unaelekezwa kwenye viwanja vya majani, piga picha mahali ulipoacha gari na bango la karibu, na jua kabisa kwamba kutoka jioni kuna foleni. Mimi nawaambia watu wasikimbilie gari ndege ya mwisho ikitua, kaeni kwenye majani muangalie ndege zinavyorudishwa kwenye nafasi zake, foleni ipungue.

Nifike saa ngapi?

Siku ya kawaida wanafungua saa nne asubuhi, yaani 10:00 kwenye tiketi, nasema hivyo kwa sababu saa zetu na zao zinachanganya watu kila siku. Wanafunga tarehe 24, 25 na 26 Desemba tu. Siku ya shoo fika mageti yakifunguliwa asubuhi. Ndege kwa kawaida zinaanza kuruka mchana lakini asubuhi ndiyo dhahabu: mahanga hayajajaa, nafasi nzuri za kukaa zipo, na kuna muda wa kutembea kwenye mstari wa ndege zilizoegeshwa ambazo zitaruka baadaye, mara nyingi kwa tiketi ya nyongeza. Unasimama karibu na ndege kiasi cha kuona misumari ya bodi moja moja na masizi ya ekzosi ubavuni. Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu cha ziada, chukua hicho.

## Ndani ya makumbusho

Nianzie wapi?

Mwisho. Eneo lina urefu wa kama kilomita moja na nusu, na watu wote wakiingia wanaparamia hanga la kwanza, AirSpace, kwa sababu liko mbele yao. Wewe nenda moja kwa moja mpaka mwisho kabisa magharibi, kwenye American Air Museum, halafu rudi taratibu. Jengo lenyewe limechorwa na Norman Foster, limefunguliwa 1997, ni paa moja kubwa la zege lililojikunja, na ukubwa wake umepangwa kwa ajili ya ndege moja tu, bomber (ndege ya kudondosha mabomu) ya B-52 yenye mabawa ya zaidi ya mita 56. Zingine zimepangwa juu yake, chini yake na kuizunguka. Humo ndimo ilimo pia SR-71 Blackbird, ndege ya upelelezi iliyokuwa inapita mara tatu ya kasi ya sauti, na ndiyo SR-71 pekee iliyoko nje ya Marekani.

Ukirudi, usikose hanga namba 4 lenye mambo ya 1940, kuna Messerschmitt Bf 109, ndege ya kivita ya Wajerumani, iliyoangushwa Sussex Septemba mwaka huo huo. Usikose pia, kwenye jengo lake, chumba cha operesheni walikoongozea ndege zao, kilichorudishwa kama kilivyokuwa, ramani mezani na saa ukutani yenye pembetatu za rangi. Hanga namba 5 ndiko wanakokarabati ndege za maonyesho.

Concorde inafanya nini kwenye makumbusho ya vita?

Inaulizwa sana hii. Duxford kuna chama cha watu wa kujitolea, Duxford Aviation Society, wanaotunza ndege za abiria za Kiingereza. Concorde, ile ndege ya abiria iliyopita kasi ya sauti, wanayo namba G-AXDN, ni ya majaribio, haikuwahi kubeba abiria wa kulipa, na 1974 ilifika kasi ya Mach 2.23, zaidi ya mara mbili ya kasi ya sauti, ambayo hakuna Concorde nyingine iliyoifikia. Ilitua Duxford 20 Agosti 1977, ilibidi wawahi kwa sababu barabara ya M11 ilikuwa inakuja kukata mwisho wa njia ya kurukia upande wa mashariki na baada ya hapo isingetosha tena kwa ndege kama ile. Unaweza kuingia ndani. Imejaa mitambo ya vipimo badala ya viti, na utashangaa ilivyo nyembamba.

Kuna pia Super VC10 na Comet, jeti za abiria za zamani. Kwa watu wetu hizo mbili zina uzito wake, maana East African Airways walirusha aina zote mbili, na kuna wazee wetu waliokwenda masomoni Ulaya ndani ya ndege za namna ile ile. Comet ya pale, G-APDB, ndiyo iliyobeba abiria kutoka New York kwenda London tarehe 4 Oktoba 1958, siku ambayo huduma ya jeti kuvuka Atlantiki ilianza.

Hizi ndege zinazoruka ni orijino kweli au zimetengenezwa upya?

Zote mbili, na majibu mafupi hapa yanapotosha. Ndege ya 1940 ilitengenezwa iishi miezi, hakuna aliyefikiria miaka 80. Bati la alumini linachoka, riveti zinaliwa na kutu, kwa hiyo ndege inayoruka leo ina vyuma vingi vipya vilivyofuata michoro ile ile ya zamani. Kinachobaki ni utambulisho wake, vipande vilivyookolewa na historia yake.

Chukua Spitfire N3200. Mwisho wa Mei 1940 kiongozi wa kikosi namba 19, Geoffrey Stephenson, aliruka nayo kwenda kulinda wanajeshi waliokuwa wanatolewa Dunkirk, pwani ya Ufaransa. Akapigwa, akaishusha ufukweni Sangatte karibu na Calais, akatekwa mpaka vita vikaisha. Mchanga ukaimeza ndege. Ikaja kuonekana tena 1986, ikachimbuliwa ikiwa mabaki, na baada ya kazi ndefu ya mafundi wa Duxford ikaruka tena 2014 kutoka Duxford, kiwanja cha kikosi chake. Mwaka 2015 ikakabidhiwa kwa IWM. Sasa mtu aniambie si orijino kwa sababu bati ni jipya, mimi siwezi kukubaliana naye.

Nyingine ni Bristol Blenheim, bomber nyepesi yenye injini mbili. Baada ya ajali ya 2003 mafundi waliijenga upya na kuipa pua ya Blenheim ya mwanzo kabisa, na hiyo pua ilipatikana kwa sababu baada ya vita mfanyakazi mmoja wa kiwanda cha Bristol aliigeuza kuwa gari la umeme na kulitumia barabarani! Yule bwana angeipeleka kwenye vyuma chakavu kama wengine walivyofanya, leo tusingekuwa nayo.

Naruhusiwa kugusa?

Kwa ujumla hapana, isipokuwa palipoandikwa. Mafuta ya mkono yanakula rangi na bati. Kupiga picha ruksa.

Hivi kwenda kushangilia ndege za vita si kushangilia vita?

Swali la haki, na naliheshimu. Zilikuwa silaha, ziliua watu, na bomber zilizosimama pale ziliua raia wengi sana mijini. Ndiyo maana namuomba kila anayekwenda American Air Museum asimame kwanza nje, kwenye njia ya kuelekea mlangoni. Kuna vioo vikubwa 52 vimesimama kwa mstari, na juu yake vimechongwa vivuli vya ndege ndogo ndogo, 7,031, kila kimoja ni ndege ya Kimarekani iliyoondoka Uingereza na haikurudi. Ukikumbuka bomber kama B-17 ilikuwa na watu 10 ndani, wengi wao vijana wa miaka ishirini na kitu, unapiga hesabu mwenyewe. Ukitoka hapo ukaingia ndani, zile ndege unaziangalia kwa macho mengine kabisa.

## Siku ya shoo

Nikae wapi?

Watazamaji wote wanakaa upande wa kaskazini wa njia ya kurukia, wakitazama kusini. Maana yake jua liko usoni karibu siku nzima, kofia na miwani ya jua si mapambo. Upepo ukiwa wa kutoka magharibi, kama ilivyo mara nyingi, ndege zinatua zikipita juu ya M11 upande wa mashariki na kupaa kuelekea magharibi. Anayependa kuona zinapanda akae magharibi, anayependa zinavyoshuka akae mashariki. Katikati unaona kila kitu kwa usawa ila ndiko kunakojaa kwanza.

Ni ndege gani zitaruka?

Orodha inatolewa kabla ya shoo na inabadilika hadi siku yenyewe, kwa hiyo usikate tiketi kwa ajili ya ndege moja tu. Mashine ya miaka 80 inaweza kugoma asubuhi, ni kawaida. Shoo ya Septemba kiini chake ni Spitfire na Hurricane. Lancaster ya RAF, bomber ya injini nne, ikija, ujue unaangalia moja ya Lancaster 2 tu zinazoruka duniani, nyingine iko Kanada.

Halafu mtazame Hurricane vizuri jamani. Kila mtu anakimbilia Spitfire kwa sababu ni nzuri, lakini 1940 Hurricane zilikuwa nyingi zaidi na ziliangusha ndege nyingi zaidi za adui. Nusu ya nyuma ya bodi yake ni kitambaa kilichowambwa juu ya fremu, risasi inapita upande huu inatokea upande ule, fundi anabandika kiraka ndege inarudi kazini.

Mbona Spitfire ikitembea chini inakwenda kizigizagi, rubani amelewa?

Hajalewa! Spitfire ikiwa chini mkia umelala na pua ndefu imeinuka, rubani mbele haoni kitu isipokuwa bamba la injini. Kwa hiyo anageuza kushoto achungulie, kulia achungulie, anakwenda hivyo mpaka afike. Tena ana haraka, kwa sababu rejeta ziko chini ya mabawa na ndege ikiwa chini mguu wa gurudumu unaziba hewa, joto la maji linapanda haraka sana. Ukiona Spitfire imewashwa halafu dakika chache tu inaruka bila kusubiri wenzake, sababu ni hiyo.

Na zile za injini za mviringo, kama B-17 au Thunderbolt, utaona watu wanazungusha propela kwa mkono kabla ya kuwasha. Oili hushuka ikajikusanya kwenye silinda za chini ndege ikilala, ukiwasha kwa nguvu ikiwa imejaa unavunja injini. Ikiwaka inatoa wingu zito la moshi, watoto wanapiga kelele, halafu silinda zinaanza kupokea moja moja mpaka zote zinashika. Mlio ule video haiutendei haki.

Kelele zinafaa kwa mtoto mdogo?

Za propela mtoto mkubwa kidogo anavumilia, jeti ni kitu kingine. Mvalishe headphone za kuziba masikio, zile za kazi za ujenzi za saizi ya watoto, na mzoeshe nyumbani kwanza maana akikutana nazo siku ile atazivua.

Nibebe nini?

Viti vya kukunja, chakula chako, maji, mafuta ya kukinga jua, koti la mvua hata kama kunang'aa, sweta la jioni. Pauni taslimu si lazima, kadi inapokelewa. Moto wa kuchoma nyama usipeleke, na mbwa waache nyumbani isipokuwa mbwa wa msaada.

Picha zangu propela imeganda, ndege inaonekana imezima angani. Nafanyaje?

Spidi ya shata yako ni kubwa mno. Ukipiga 1/1000 propela inasimama na ndege inakuwa kama ya dukani. Anza na 1/250, ukishapata mkono shuka 1/160 au hata 1/125, na uifuate ndege kwa kuzungusha kiuno, miguu imetulia, unaendelea kuzunguka hata baada ya kubonyeza. Nyingi zitatoka na ukungu, zifute bila huruma, chache zitakazotoka zitakuwa nzuri kweli. Jeti haina propela, hiyo rudi 1/1000. Lenzi ya milimita 300 au 400 inatosha. Na kwa kuwa jua liko mbele yako (swali la wapi pa kukaa), ongeza mwanga kidogo kwenye kamera la sivyo ndege zote zitakuwa vivuli vyeusi.

## Mambo ya pembeni

Mvua ikinyesha?

Mvua nyepesi ndege zinaruka. Shida kubwa ni wingu la chini na upepo wa ubavuni, hasa kwa ndege nyepesi za mkia chini. Rubani anaweza kukataa hata akiwa ameshawasha, na uamuzi wake unaheshimiwa. Hapo ndipo unashukuru mahanga yapo.

Ni salama kweli? Nimesikia kuna ajali.

Zimewahi kutokea. Kubwa ni ya Shoreham, kusini mwa Uingereza, 22 Agosti 2015, jeti ya zamani aina ya Hawker Hunter ilishindwa kumaliza mzunguko ikaangukia barabara ya A27 na kuua watu 11, ambao hawakuwa ndani ya eneo la shoo. Baada ya hapo mamlaka ya anga ya Uingereza ilikaza sheria: umbali kati ya ndege na watu ukaongezwa, jeti za zamani zikawekewa mipaka, na masharti ya kibali maalum cha rubani cha kufanya maonyesho yakakazwa. Ndiyo sababu ndege zinapita mbali kidogo kuliko kwenye video za zamani. Watu wanalalamika, mimi nasema bora iwe hivyo.

Naweza kupanda Spitfire mwenyewe?

Ndiyo, kuna za viti viwili, unakaa nyuma ya rubani. Bei ni maelfu ya pauni kwa dakika chache na unasaini fomu ya kukubali kwamba si ndege ya abiria. Kwa wenye mfuko wa kawaida kuna safari za Tiger Moth, ile ya mabawa mawili na kichwa nje, ambayo marubani wengi wa RAF walijifunzia, hata shule ya mafunzo ya Nairobi walikuwa nayo. Kwangu Tiger Moth ina raha yake, unasikia upepo wenyewe.

Natumia kiti cha magurudumu, je?

Eneo ni tambarare na mahanga mengi yanaingilika vizuri. Kikwazo ni ndani ya ndege za abiria, Concorde ikiwemo, kuna ngazi na njia ni nyembamba. Siku ya shoo majani yakilowa yanakuwa mazito, kwa hiyo chagua sehemu karibu na lami.

Droni?

Hapana, kabisa. Ni hatari kwa maisha ya rubani.

Si naweza kuangalia bure nikiwa nje ya uzio?

Ndege ziko angani, utaziona baadhi. Ila kuegesha pembeni ya barabara kunazuiwa, mashamba ni ya watu, na kuwashwa kwa injini, kutembea kwa ndege chini, mahanga na mafundi vyote unavikosa. Halafu tiketi ndiyo inayonunua mafuta na riveti za hizi mashine. Kama hela imebana, nenda siku ya kawaida ambayo ni nafuu, kaa karibu na njia ya kurukia kuanzia asubuhi hali ya hewa ikiwa nzuri, na uwezekano wa kuona kitu kikiruka ni mkubwa.